Winga Aliyefundishwa Kuinuka

Watu wa kusini walimchukua winga wetu kutoka raga ya watu kumi na watatu, wakamtupa kwenye raga yao ya watu kumi na watano, wala hakuna aliyemfundisha namna ya kuanguka. Hilda Ramsden, aliyemfulia jezi miaka tisa pale Yorkshire, hajalisahau hilo. Alimjua kwa sauti yake ya chini, kwa magoti yasiyokauka matope, na kwa ile tabia yake: akiangushwa huinuka upesi, huuweka mpira chini, huusukuma nyuma kwa unyayo ili mwenzake auchukue. Ndiyo sheria ya kwetu. Hata sabuni ikimponyoka kwenye chumba cha kufulia, aliisukuma nyuma kwa mguu bila kutazama. "Mwanangu, mimi si timu yako," Hilda alikuwa akimwambia, naye akicheka.

Kule kusini, mechi ya kwanza, aliangushwa, akainuka, akauweka mpira chini kwa adabu. Kumbe kwao mtu hulala, akauachia mpira, wenzake wakaja kuupigania juu yake. Nahodha wa wapinzani akauokota, akaenda kufunga akitembea. "Kuku wetu katutagia," mtu akasema jukwaani, watu wakaangua kicheko. Kocha naye alicheka. "Kwenu hamfundishwi kulala?" Winga akajifuta mikono kwenye kaptula. "Kwetu mtu akiangushwa huinuka."

Wakamweka benchi hadi msimu ukaisha. Hilda hataki pole yao. Kocha yule bado anadaiwa mchana mmoja tu: alale kwenye matope kando ya winga, amwonyeshe.