Kidole Kinachochelewa

Alhamisi, tarehe kumi na tisa Juni. Mawingu yalifunga tangu alfajiri, joto lilikuwa la kunata, na upepo haukuwapo hata wa kutikisa jani.

Siku hiyo Mwewe, mwendeshaji wa kreni, alishusha mzigo wa nondo ukapita alama yake. Haukupita sana, kiasi cha urefu wa mkono tu, lakini kwa aliyesimama chini urefu wa mkono ni kaburi. Mpiga ishara, aliyekuwa amenyoosha kiganja kuonyesha pa kusimama, alijirusha pembeni akaangukia mifuko ya saruji. Akajikung'uta, akainua redio.

"Mwewe, umelala huko juu?"

"Upepo," alijibu Mwewe.

Mpiga ishara alitazama kitambaa chekundu walichokifunga kwenye ncha ya kreni ili kiwaonyeshe upepo unakoelekea. Kitambaa kilining'inia kama nguo iliyoanikwa ikasahauliwa. Alirudi mahali pake, ila safari hii alisimama hatua kadhaa nyuma.

Jina la Mwewe alipewa zamani na mafundi ujenzi, kwa ajili ya kukaa juu kutwa na kuona kila kitu. Alianza kama kibarua wa kubeba kokoto, akapewa kazi ya kupaka kreni grisi, kisha siku moja mwendeshaji akaugua, yeye akapanda, na ikawa ndiyo kazi yake. Watu walisema anaweza kuweka yai juu ya ukuta kwa ndoano. Mwenyewe alisema yai hajawahi kujaribu, ila chai ya nyapara aliwahi kuipeleka ghorofa ya nne na haikumwagika, ilipoa tu. Akiwa chini alitembea kama mtu aliyeazima viatu.

Nyumbani alikuwa na starehe moja. Yeye na mkewe, fundi cherehani, walicheza gemu ya mbio za magari kwenye mashine ya zamani waliyomnunulia binti yao alipokuwa mdogo. Binti alikua akaiacha; wazazi hawakuiacha. Desturi ya nyumba ile ilikuwa kwamba aliyeshindwa anaosha vyombo. Kwa miaka mingi aliyeosha ni mke, na kila akisugua sufuria alimkumbusha mumewe kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Mwezi mmoja kabla ya Alhamisi ile, mashine ya zamani ilianza kunuka moshi. Binti, ambaye sasa anauza simu dukani, akawaletea mpya. Mwewe alinuna, akidhani gemu yao imekwenda na maji. Binti akaitumbukiza sidii ile ile ya zamani, na mikwaruzo yake, mashine ikaikubali. Zamani mtu aliwasha gemu akaenda kuteka maji, akarudi akaikuta bado inajifikiria. Safari hii ilifunguka kabla mama hajamaliza kuvuta kiti.

"Wameibadilisha," alisema Mwewe.

"Ni ile ile, Baba. Ila mashine yenu ilikuwa inahema. Magari yakijaa kwenye kioo inashindwa kuyachora yote kwa wakati, picha inakwama, nyie mkadhani ndiyo gemu. Hii ina pumzi. Haikwami."

Na kweli haikukwama. Pale kwenye handaki, ambapo picha ilikuwa ikigandaganda na Mwewe akipata nafasi ya kukata kona, barabara sasa ilitiririka kama mafuta. Aligonga ukuta. Kesho yake akagonga tena. Mke akashinda, akapiga vigelegele mpaka jirani akauliza ng'ambo ya ukuta kuna harusi ya nani. Mwewe akaenda kuosha vyombo, na kikombe kikamponyoka kikavunjika.

Alijitetea kwamba mazoea yana taabu, mikono yake ilishazoea ile mikwamo. Neno lake lilikuwa na mantiki, wakalikubali. Lakini mke naye alikuwa amezoea mikwamo hiyo hiyo, na wiki haikwisha kabla hajaizoea mashine mpya.

Kisha Mwewe akaanza kushinda tena. Alimcheka mkewe, akamwambia bahati ya mwanzo si ufundi, na asubuhi alikwenda kazini akipiga mluzi.

Jioni ya siku ile ya nondo walikaa kucheza kama kawaida. Mke aliuliza habari za kazi. Akajibiwa kulikuwa na upepo kidogo. Alitazama pazia lililosimama wima dirishani, akachukua pedi yake ya kuchezea.

Mbio zile huanza kwa taa: nyekundu, nyekundu, kijani. Pale hakuna ufundi wa kona wala wa breki, ni kidole tu. Kwenye mashine ya zamani, magari yote yakiwa yamejaa kwenye kioo, picha ilikuwa ikiganda sawia na kijani kuwaka, hivyo wote wawili wakiondoka pamoja. Jioni hiyo Mwewe hakutazama barabara. Alitazama kidole gumba cha mkewe.

Kijani kikawaka. Kidole cha mke hakikusogea. Kilikaa juu ya kitufe mpaka gari la Mwewe lilipoondoka, ndipo kikabonyeza.

"Unanisubiri," alisema Mwewe.

"Cheza, Baba," mke alimwambia.

"Nakuuliza. Unanisubiri?"

"Nakusubiri."

Kwenye kioo magari mengine yaliyapita ya kwao. Akauliza tangu lini. Mke akasema tangu kikombe. Kisha, kwa sauti ya mtu anayepima kitambaa, akasema siku hizi mumewe analifunga shati kwa mkono wa kushoto, na anayeshona vifungo kutwa hawezi kukosa kuliona hilo.

Mwewe akasema ni mashine. Basi jaribu peke yako, mke alimwambia. Akajaribu. Taa ikawaka, akaiona, akajua ameiona; kidole kikakaa kwanza, kama anayeitwa na hataki kuja, ndipo kikaenda. Akarudia, ikawa vile vile. Akahamishia pedi mkono wa kushoto. Cha kushoto kilibonyeza papo hapo.

Akaiangalia mashine ya zamani, iliyokuwa bado chini ya meza na waya zake zimezungushwa. Kwa kukwama kwake ilikuwa imewachelewesha wote sawasawa, ikamsitiri. Kwa muda gani, hakuna ambaye angejua.

"Na upepo wa leo ulitoka wapi?" aliuliza mke.

Akamsimulia habari ya nondo. Mke alizima kioo.

"Kesho unapanda?"

"Huko chini sijui hata kutembea, mke wangu."

"Utajifunza. Yule bwana akiangukiwa na chuma hajifunzi tena."

Hakuna aliyekuwa ameshinda, lakini Mwewe aliinuka akaosha vyombo. Mke alisimama karibu yake, akipokea kila sahani kabla haijafika ukingoni.

Asubuhi yake upepo ulivuma kweli. Kitambaa chekundu kilikuwa kimenyooka ncha hadi ncha, na nyapara akatangaza kwamba hakuna kupanda mpaka utulie. Kisingizio kilikuwa tayari, hakikuhitaji hata kusemwa. Mwewe alimtafuta mpiga ishara, akamkuta amekaa kwenye mifuko ile ile ya saruji. Akampa ufunguo wa kreni kwa mkono wa kushoto.

"Mpe nyapara," alisema. "Jana haukuwa upepo."

"Najua," alisema mpiga ishara, akaufumbata.

Juu yao kreni isiyo na mtu ilikuwa ikigeuka taratibu kufuata upepo, na ndoano ikipita juu ya vichwa vya mafundi. Mwewe aliitazama. Ndani ya mfuko wa suruali kidole gumba cha kulia kilikuwa kikibonyeza, kikibonyeza, bila kuambiwa.