Ng'ombe Mwekundu wa Karani

Mwaka wa vita, sabini na nane, sisi wa Kaisho, huku mpakani, hatukupigwa risasi, tulipigwa na uvumi. Leo adui kavuka, kesho hajavuka, na kila mara watu wanabeba magodoro kuingia migombani. Baba alikataa kwenda bila ng'ombe wake. Alipanda kichuguu akawa anawaita kwa sauti, jina kwa jina, na mjomba anamvuta koti.

"Shemeji, nyamaza, watatusikia!"

"Wasikie. Watajua ni wa nani."

Vita yenyewe siisimulii, wapo waliopigana. Nimeikumbuka kwa sababu ya majina. Kwetu idadi ya ng'ombe haitajwi, ni mkosi. Anayekuuliza unao wangapi unamtazama vibaya. Lakini jina! Jina unalisifia kisimani, kilabuni, hata msibani ukipewa nafasi.

Basi miaka ya tisini, wakimbizi walipojaa kwetu, nilipata ulinzi wa geti katika shirika moja la misaada. Shule niliishia mlangoni, lakini geti halitaki shule. Ofisini kulikuwa na kompyuta moja, na karani, mtu wa Kibingo, ndiye aliyeandika humo lori lipi litapita wapi na siku gani. Aliifungua kwa neno lake la siri. Lori la mafuta ya kula likatekwa njiani. Likafuata la pili. Mkuu wa kituo, mtu wa Bukoba, akasema safari zile zilijulikana na wawili tu, karani na kompyuta, na kompyuta haina mdomo. Akaenda kumpekua karani nyumbani, mpaka uvunguni mwa kitanda.

"Semina ikiisha," akamwambia, "nakupeleka polisi."

Semina yenyewe ilihusu kulinda siri za ofisi. Mwalimu wake, dada mmoja kutoka Dar es Salaam, alitukusanya wote, hadi mpishi na mimi. Sikutulia. Nilikwenda getini, nikarudi dirishani, nikaenda tena getini. Karani naye alikuwa anatikisa mguu mpaka benchi lote likatikisika.

"Neno la siri lisiwe jina lako," mwalimu akasema, "wala la mkeo, wala la mtoto."

"Na la mama mkwe?" mpishi akauliza.

"La mama mkwe, wewe utalisahau kwa makusudi!" dereva akamjibu.

Wakati wa chai mwalimu akayasifu maziwa. Mpishi akasema ni ya ng'ombe wa karani.

"Anaitwaje?"

Wiki nzima sikuwa nimeona meno ya karani. Sasa akasimama, akainua mikono kama pembe.

"Bihogo! Mwekundu wa kukolea! Akiingia kisimani, wengine wanasubiri!"

Nusu ya ofisi ilimalizia sifa hizo pamoja naye. Mwalimu akaweka kikombe chini, akaenda kwenye kompyuta, akagonga herufi chache. Ikafunguka.

Akatugeukia.

"Nani mwingine anamjua Bihogo?"

"Mwalimu," dereva akasema, "uliza nani hamjui. Mnadani wanamjua."

Mkuu akacheka. "Basi karani, umepona! Yeyote angeweza kuingia humo. Wewe si mwizi, ni mzembe tu. Chagua neno jingine, tuendelee na kazi."

"Uliniita mwizi mbele ya mke wangu," karani akasema. "Leo unanisafisha hapa, kwenye chai."

"Yamekwisha, ndugu yangu. Kaa."

Hakukaa. Alichukua koti lake, akaja getini. Mvua ilikuwa imeanza.

"Subiri kwanza ikatike," nikamwambia.

"Fungua, kaka."

Nikafungua. Mkuu akatoka barazani akiita, "Karani! We karani!" Yule bwana hakugeuka. Alishika njia ya Kibingo, koti begani, kichwa wazi, na ofisi ile hakuikanyaga tena.