Stelingi Akirudi Nyumbani

Nisiwadanganye: sinema nilizoziona Lodwar hazikuwa nzuri. Nilizipenda kwa sababu zilinitoa nyumbani Jumamosi mchana, na nyumbani Jumamosi mchana palikuwa na bati, joto, mtoto aliyeanza kutambaa na kula mchanga, na mimi nikizunguka kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kutulia sikujaliwa. Mama yangu alisema nilizaliwa nikiwa tayari nimechoka kungoja.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mume wangu askari polisi. Tulihamishiwa kule pamoja, miaka ya sabini, kisha yeye akasukumwa mbele hadi Kakuma, mimi nikabaki Lodwar na mtoto. Watu wa kule wakikuona unapakia sanduku kwenye lori la Kitale walikuuliza, "Unaenda Kenya?" Mara ya kwanza nilicheka, maana Lodwar nayo ni Kenya. Kabla mwaka haujaisha nami nilikuwa nasema hivyo hivyo, na kwa kijicho, kila lori lilipoondoka bila mimi.

Masanduku ya sinema yalitoka hukohuko Kenya. Sinema zilionyeshwa kwanza kwetu, katika ukumbi wa misheni, saa tisa mchana, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi, kwa maana jenereta ilizimwa mapema. Mle ndani ulitoka jasho mpaka kwenye vidole. Baadaye masanduku yalipanda lori jingine kwenda Kakuma, wakaonyeshwa polisi na wananchi ndani ya ghala la unga. Kwa hiyo mume wangu aliona kile nilichokiona, siku chache nyuma yangu, na alipopata ruhusa mwisho wa mwezi tulikuwa na la kubishania. Wake wengine huletewa habari za shamba na za wakwe. Mimi niliketi na mume wangu tukagombana kuhusu watu wa ukutani.

Yeye alizipenda zote. Mimi nilikuwa na maoni.

Zile za mapanga zilinichosha upesi. Mtu anaruka juu ya paa, anatua kwenye tawi, na tawi halitikisiki. Mchawi mwenye nyusi nyeupe ananyoosha kiganja, ukuta wa mbali unapasuka. Haya, uchawi ni uchawi. Lakini kama unaweza kupasua ukuta kwa kiganja, mbona umekaa pangoni unakunywa uji peke yako? Mume wangu alisema sina imani. Nikamwambia, "Afande, imani naipeleka kanisani Jumapili. Jumamosi nataka maelezo."

Za kauboi zilikuwa afadhali, kwa ajili ya ng'ombe. Nusu ya ukumbi walikuwa wafugaji, na hao bunduki hawakuzitazama hata kidogo. Stelingi na adui wake wakiwa wamesimama wanatazamana, mikono karibu na bastola, wao walikuwa wakinyoosha vidole kwa ng'ombe wanaopita nyuma, wakibishana juu ya rangi na pembe. Stelingi mmoja aliacha kundi zima litawanyike ili akambusu msichana, na ukumbi wote ukamzomea. Nami nilizomea. Hata kwetu Kimilili mwanamume kama huyo hapewi mke.

Stelingi, kwa mliozaliwa juzi, ni yule mkubwa wa sinema, anayepigwa sana mwanzoni na kuwapiga wote mwishoni. Sheria yake kila mtu aliijua: stelingi hafi. Mume wangu aliigeuza kuwa kwaheri yake. Akishapanda lori la kurudi Kakuma, bunduki begani, aligeuka akaniambia mbele ya watu, "Mwalimu, usisumbuke. Stelingi hafi." Watu walicheka, nami nilicheka. Kisha nilirudi nyumbani nikipiga teke kila jiwe, kwa sababu mimi macho yangu yalikuwa kwa wale wengine. Kila sinema ina askari wanaokuja nyuma ya mkubwa wao, wanaanguka mmoja baada ya mwingine, na hakuna anayeuliza wametoka kwa nani. Haonyeshwi hata mwanamke mmoja amesimama mlangoni anasikiliza kama lile ni lori au ni upepo. Kama kuna kosa kubwa katika sinema zote nilizowahi kuziona, ni hilo, na nalisema mpaka leo.

Lugha ya sinema hizo ilikuwa Kichina, au Kiingereza cha puani, kwa hiyo tulikuwa na mfasiri. Alikuwa jirani yangu, mzee wa Kiturkana aliyewahi kuwa askari wa Mwingereza katika vita vya mbali, akarudi na Kiswahili cha kambini na koti zito la jeshi ambalo hakulivua hata kwenye joto lile. Alisimama kando ya ukuta uliopakwa chokaa, fimbo mkononi, akiwaambia watu kwa Kiturkana kinachosemwa. Kichina hakukijua hata neno. Alitazama midomo, akatazama mikono, akaamua. Na kwa kuwa kwao mwanamume huitwa kwa jina la maksai wake anayempenda, kila stelingi alimpa jina la maksai, rangi na pembe na kila kitu, hata kama sinema nzima haikuwa na kwato. Nilimwambia siku moja kwamba anatunga. Akanijibu, "Mwalimu, hawa watu wa China nakufa bila jina. Mimi nasaidia wao."

Sasa niwaambie sinema yenyewe. Ilikuwa ya mapanga, mbovu kama zote. Stelingi amewafuata waliomuua baba yake, amewakuta uani, na amewamaliza wote, damu nyekundu kama rangi ya mlango. Akapangusa panga, akashika njia ya nyumbani. Mkewe akafungua mlango. Mtoto akanyoosha mikono. Stelingi akatabasamu, akasema neno, akainua mguu kuvuka kizingiti.

Mfasiri akanyamaza.

Nilidhani amekauka koo. Watu wakaanza kunung'unika, mama mmoja mbele akapiga ukelele, wanaume wakasimama na vigoda vyao mikononi. Mzee akagonga ukuta kwa fimbo, palepale penye mlango, kama mtu anayemzuia ndume kuingia zizi la jirani. Kisha akamgeukia kijana wa mashine. "Zima hii kitu!"

"Mzee, imebaki kidogo tu iishe."

"Imeisha. Huyu iko na damu ya watu. Nani ameosha yeye? Ataingia namna hiyo, atashika mtoto?"

Kijana hakuzima, lakini watu walikuwa wameshaanza kutoka, mablanketi yakavutwa, mwanga ukaingia, na mwisho wa sinema ukapotea ukutani. Nilitoka nimefura. Nimekaa kwenye tanuri lile mchana kutwa, halafu nanyimwa mwisho kwa sababu mtu wa China hakunawa! Njia nzima nilikuwa napanga jinsi nitakavyomsimulia mume wangu, na nani nitamwigiza vipi.

Masanduku yakaenda Kakuma. Wiki iliyofuata habari zikafika kabla ya lori, kama zilivyozoea kufika kule, kwa miguu. Ng'ombe walikuwa wamechukuliwa juu ya Kakuma, polisi wamefuata, bunduki zimelia. Huyu alisema askari wamekufa. Yule alisema ni wezi tu. Nilikwenda kituoni, nikaambiwa redio haishiki. Nikarudi baadaye, nikaambiwa, "Mama, hata sisi tunangoja." Darasani nilikuwa nafuta ubao kabla watoto hawajanakili. Nilishuka hadi Turkwel nikiwa na mtoto mgongoni, nikafika, nikakuta sina la kufanya mtoni, nikapanda tena. Chakula kilinishinda, na maombi yalinishinda pia, maana nilikuwa naanza "Baba yetu" na kabla ya "mbinguni" nimeshasimama kuchungulia barabara.

Jumamosi nilikwenda sinema. Majirani wa kanisani walinisema sana kwa hilo, na wakaseme. Nyumbani nisingeweza kukaa. Mkiniuliza ilikuwa sinema gani, siwezi kuwaambia. Niliangalia walioanguka tu, kila mmoja usoni, na wa tatu au wa nne alipoanguka chali mdomo wazi nilitoka nje nikatapika kwenye mchanga.

Alikuja Jumatatu. Niliona lori kupitia dirisha la darasa, nikamwona amesimama nyuma, mzima, miguu yote miwili, nikaacha chaki, nikaacha watoto, nikakimbia kama msichana. Alinipa mkono. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikuona kuwa amenipa mkono tu, kama mtu anayesalimia karani.

Na ilichukua muda nione. Lodwar kila mtu hulala nje kwa ajili ya joto, kwa hiyo kulala nje halikuwa jambo. Alikula nje, nikadhani anatafuta upepo. Lakini mtoto alipotambaa kumwendea, aliinuka akahamia upande wa pili wa uzio. Mtoto akageuza, akamfuata. Akainuka tena. Hapo nikawaka.

"Mtoto amekukosea nini?"

"Mwondoe, mwalimu."

"Nimwondoe kwa babake?"

"Ile sinema ilifika Kakuma," akasema. "Wananchi walitoka wote kabla ya mwisho, walikuwa wanapiga kelele kwamba aoshwe kwanza. Sisi polisi tulibaki, tukacheka. Nilitaka nije nikusimulie."

"Mwisho wake ulikuwa nini?" nikauliza, Mungu anisamehe, kwa maana bado nilitaka kujua.

"Anakula. Amempakata mtoto, anakula." Akajipangusa uso. "Kesho yake tukaitwa. Nilipiga, mtu akaanguka. Nikaenda kumwona, alikuwa bado ananitazama. Alikuwa na viatu vya tairi kama vya kila mtu hapa. Siwezi kuingia mle ndani."

Nilifanya nilichokijua. Nilichemsha maji, nikatoa sabuni mpya, akaoga. Nilimwekea mkono kichwani nikaomba, na yeye akasema amina kwa heshima, akarudi kuketi nje palepale. Nililia kwa hasira. Nilikuwa nimengojea mtu arudi, na aliyerudi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka mlangoni na sikuwa na namna ya kumvusha.

Mfasiri alikohoa upande wa pili wa uzio. Sijui alikuwa amesikiliza tangu lini.

"Mwalimu, ejok," akanisalimu.

"Ejok, mzee."

"Huko Kenya, mtu akiua mtu, nyinyi nafanya nini?"

"Tunaomba."

"Nzuri. Umeomba?"

"Nimeomba."

"Sasa leta mbuzi."

Niliwaza mwinjilisti wetu angesema nini. Niliwaza kwaya, na mama fulani wa kwaya ambaye mdomo wake ulifika Kitale kabla ya lori. Kisha nikamtazama mume wangu, jinsi alivyoinua kichwa aliposikia neno mbuzi, na sikuwaza tena. Wa kwanza niliyemleta, mzee alimkataa kwa rangi yake. Wa pili akamkubali.

Sitaeleza yote, si mali yangu. Mzee alivua lile koti, mara ya kwanza kumwona amelivua, na begani mwake mlikuwa na safu za chale zilizozeeka. Alichukua majani mabichi yaliyosagika tumboni mwa mbuzi, akampaka mume wangu kifuani, mabegani na mikononi, akisema maneno polepole, na safari hii alijua kila neno alilokuwa akilisema. Wazee waliokaa kando waliitikia. "Chale ya mtu ameua tunaacha," akaniambia alipomaliza. "Huyu ni mtu ya serikali."

Jua lilikuwa bado halijazama mume wangu alipoinama akapita mlangoni. Nyumba ilinuka mbuzi hadi kwenye mapazia. Aliketi kwenye kiti chake, mtoto akatambaa, akamshika suruali, akajivuta mpaka akasimama. Mume wangu alimwachia asimame hivyo kwa muda, kisha akamwinua.

"Na ya Jumamosi," akaniuliza, "ilikuwaje?"

"Mbovu," nikasema. "Mbovu kupindukia."

"Wewe huna imani," akasema, na tukacheka kidogo, kwa woga, kama watu wanaojaribu mguu uliovunjika.

Siku ya kurudi kwake Kakuma nilimsindikiza hadi penye lori. Alipanda, bunduki begani, akageuka, na watu waliomzoea wakageuka pia wasikie maneno yake. Hakusema kwamba stelingi hafi. Aliinama kutoka juu akaniambia mimi peke yangu, "Mwalimu, fuga mbuzi."

Nilimnunua siku ileile, wa rangi ambayo mzee angeikubali, nikamfunga nyuma ya nyumba. Sinema niliendelea kwenda, na maoni niliendelea kuwa nayo. Lakini kila liliposikika lori kutoka upande wa Kakuma, kabla sijakimbilia barabarani, nilipita kwanza nyuma ya nyumba kuhakikisha kwamba yupo.