Jiwe la Kumpasha Moto Kobe wa Didier

Harufu ya blanketi linaloungua bado hunitisha. Juzi jirani yangu alisahau pasi juu ya blanketi, nami nikatoka nje mbio, kana kwamba nyumba inayoungua ni yangu. Watoto wangu walinicheka sana. Niliwaacha wacheke, maana hawakumjua Chef.

Chef alikuwa kobe. Kaka yangu Didier alimwokota porini, akampa jina hilo kwa sababu alitembea kama bosi wa ofisini: polepole, shingo mbele, bila kumsalimu mtu. Tuliishi Kapata, kwenye zile nyumba za wafanyakazi wa zamani wa mgodi, na Didier alikuwa mmoja wa vijana wanaochimba shaba kwa mikono. Siku alipoondoka kwenda machimbo mapya, mbali na kwetu, alinikabidhi Chef ndani ya katoni.

"Nadège, unichungie ye muzuri," aliniambia. "Nikirudia, nimukute muzima."

Nilikuwa na miaka tisa, na maneno hayo niliyashika kama ahadi ya Mungu. Kobe akiwa mzima, Didier atarudi. Kobe akifa, basi. Sikuthubutu kumalizia.

Mwezi wa sita ukaingia na baridi yake. Ninyi mnaodhani Kongo ni joto tupu, njooni Kapata asubuhi ya mwezi huo muoge maji ya ndoo! Chef akaacha kula. Alijikunja ndani ya gamba, na nilipomgusa mguu ulikuwa wa baridi kama kijiko. Wiki hiyohiyo simu ya Didier ikaacha kupatikana. Nililia mpaka Mama akaacha bukari, ugali wetu, motoni akaja kuniangalia.

Tukaanza kumtafutia Chef joto. Baba alining'iniza balbu juu ya katoni. Umeme ukakatika mchana kutwa, na uliporudi balbu ikaanza kuibabua katoni. Mama akaichomoa. Tukajaribu chupa ya maji ya moto, ikapoa kabla sijamaliza kumwombea kobe. Ndipo nikasema tuingize mbabula, jiko letu la makaa, chumbani ilimokuwa katoni yake na kufunga mlango. Mama alinikemea kana kwamba nimemtukana.

"Makala mu nyumba ya kufunga inauwaka batu! Unataka tukufe shiye bote na kobe yako?"

Ikabaki njia ya vitandani mwetu. Msimu wa baridi Mama alikuwa akipasha jiwe kwenye mbabula huko nje, akalifunga kwa kitambaa na kutuwekea miguuni. Lakini jiwe letu la kijivu lilikuwa kubwa kuliko Chef mwenyewe. Mama akazunguka nyumba nzima, mpaka akafika dirishani, ambapo Didier alikuwa amepanga mawe yake ya shaba, ya kijani, mazuri kweli. Akachagua dogo, akalipima kiganjani. Ni zito, akasema, litatunza moto. Nadhani alifurahi pia kwamba lilikuwa limetoka mikononi mwa Didier.

Tukachuchumaa kulingoja. Jiwe likaanza kuwa jeusi pembeni, likalia ta-ta-ta, kisha likapasuka. Vipande viliruka. Kimoja kilimchoma Mama mkono, kingine kikatua kwenye blanketi nililojifunika, likaanza kufuka moshi. Mama alilinyakua, akalikanyaga, akanipapasa uso na macho. Sikuwa na jeraha lolote. Basi akaketi palepale kwenye majivu, akaita kwa sauti kubwa, "Didier! Didier wangu!"

Nikadhani analilia jiwe. Nikambembeleza kwamba mengine bado yapo dirishani.

Maneno yangu hayo huniuma hadi leo. Mama alikuwa amesikia mwamba ukipasuka, na mwanawe alikuwa akichimba chini ya miamba, simu yake kimya.

Hakumtafutia Chef joto tena. Tulimtoa nje juani, na mchana mmoja akajichimbia kwenye udongo laini nyuma ya jiko, asionekane tena. Nilijua amekufa. Sikumwambia mtu.

Mvua za kwanza zilipoanguka, Chef akatoka, matope usoni, akaenda moja kwa moja kwenye matembele na kuanza kula. Mnaweza kukisia furaha yangu. Nilioga, nikavaa gauni la kanisani, nikakaa barabarani kumngoja Didier.

Waliokuja ni wenzake, kesho yake, kofia mikononi. Shimo lilikuwa limemfukia Didier katika baridi ileile.

Nilimchukia Chef kwa muda mrefu kwa kuwa mzima. Ni baada ya kuwa mtu mzima ndipo niliposikia kwamba kobe wa kwetu hulala msimu wa baridi, hahitaji balbu wala jiwe, ni kumwacha tu. Nikampelekea Mama habari hiyo kama zawadi.

"Nilijua," akasema. "Kwetu Sandoa batoto bote banajua. Kobe analalaka."

"Sasa Mama, ule moto wote tuliutafuta wa nini?"

Alikuwa akichambua maharage, hakuinua macho.

"Mutoto wangu alikuwa mu baridi, na mi sikuweza kumufikia. Nilitaka kupasha moto hata kobe yake."