Bakora ya Mzee Muhanna

Nikisikia mtu anasema Mama Rayan alimpenda mnyama kuliko mume wake, namkatiza hapo hapo. Mimi namjua. Jina lake Nafisa, ana duka la vitambaa kule mtaa wa Asiatique, duka la baba yake na la babu yake aliyetoka Omani. Miaka mingi tumetembea pamoja kila Jumamosi asubuhi, yeye na mtandio wake, mimi na rozari yangu mfukoni. Mimi ni Adélaïde, wengi wananiita Mama Armel, na kunyamaza sikujaliwa.

Kilabu yetu ya kutembea ilianzishwa na mume wake, mzee Muhanna. Kwenye lami tuliimba kama kilabu zote za Bujumbura, makofi na filimbi, mpaka watu wa Kigobe wakatutukana madirishani. Lakini pale njia ya vumbi inapoachana na barabara na kushuka kwenye nyasi za mto Rusizi, mzee aliinua bakora yake, na wimbo ulikatika katikati ya neno. Kule chini kuna viboko. Kiangazi wanakaa majini, nasi tulipita mbali, kimya, bila kudondosha hata ganda la karanga. Masika ziwa linapanda, nyasi zinampita mtu kimo, na viboko wanakula humo na watoto wao mpaka jua litoke. Basi kila masika tukifika pale, mzee alichomeka bakora kwenye tope mwanzoni mwa njia, tukageukia hapo hapo kurudi mjini. Bakora ikisimama pale, hapiti mtu.

"Sasa mzee, viatu hivi tumenunua vya nini?" wapya walilalamika.

"Mutavivaa kwa harusi," aliwajibu.

Mwaka jana, mvua za mwezi wa tatu, mzee Muhanna alikufa kule chini. Tulikuwa tumeshageuka, kundi zima limepita kona; nyuma alibaki yeye na Audace, kijana wa benki, mgeni kwetu. Tukasikia ukelele, tukarudi mbio. Mana yanje, Mungu wangu! Tulichokiona sitakieleza. Audace alikuwa barabarani, anasema kiboko amewafuata mpaka kwenye lami, amemburuta mzee. Tulimwamini. Nani angekuwa na akili ya kuuliza maswali?

Matangani wanaume walikaa nje kwenye mikeka. Watu wa mbuga ya wanyama ya Rusizi wakaja kutoa pole. Walisema yule kiboko jike bado yuko pale pale, ana mtoto mchanga. Kama kweli ameanza kufuata watu barabarani, watampiga risasi, na mtoto bila maziwa hataishi. Wakamwuliza Rayan, mtoto wa kwanza wa marehemu, familia inasemaje.

"Mumuue," Rayan akasema. "Hata leo."

Mama yake alikuwa chumbani, kwenye eda. Mjane wa Kiislamu akiwa edani hatoki nyumbani. Aliniita nikakaa naye kwenye mkeka. Tangu mazishi hakuwa amedondosha chozi hata moja, na hilo lilinitisha kuliko vilio vya wengine wote.

"Mama Armel, bakora ya Muhanna muliikuta wapi?"

"Pale pale pake. Imechomekwa kwenye tope, mwanzoni mwa njia."

"Na yeye?"

"Chini, kwenye nyasi. Si kiboko alimuburuta?"

"Angemukamata barabarani, bakora ingeanguka barabarani." Sauti yake haikupanda. "Aliichomeka, halafu akashuka. Muhanna hawezi kushuka masika, ila akifuata mutu. We, niletee Audace."

"Mama Rayan, uko kwa eda..."

"Atasimama nyuma ya pazia. Uende."

Nikaenda mpaka Mutakura anakokaa. Nilimkuta amelala mchana kweupe, simu ameizima. "Simama," nikamwambia, "usinifanye nikuvute sikio kama mutoto." Alinifuata.

Akasimama nyuma ya pazia. Rayan na mimi tulikuwa pembeni yake.

"Audace, mwanangu," Mama Rayan akasema kutoka ndani, "mi sikukuita nikutukane. Niambie tu, kule chini ulishuka kufanya nini?"

Kijana akaanza kulia. Aliona mtoto wa kiboko kwenye njia, akapita bakora, akashuka na simu yake kumpiga picha. Mtoto alikuwa upande huu, maji upande ule, yeye katikati. Mama kiboko alipotoka majini, mzee Muhanna alikuwa ameshafika. Alimsukuma Audace. "Alisema rudi, rudi," Audace akasema. "Nilirudi mi peke yangu."

Rayan akamkaba shati. Nikajua leo tunazika mwingine.

"Rayan! Muachilie." Hapo ndipo sauti ya mama yake ilipanda. "Baba yako amekufa juu ya kumurudisha huyu, na we unataka kumuua tena? Na yule mama kiboko tulimukuta kwake, na mutoto wake. Nikisema apigwe risasi, Muhanna nitamuambia nini?"

Rayan uso ulimlowa. Halafu akamwachia shati, wakatoka wote wawili. Audace aliyasema yote upya mbele ya wanaume wa mikekani. Walimtukana vibaya, na mimi sikuwalaumu. Rayan akawaambia watu wa mbuga familia imekataa.

Eda iliisha kiangazi. Jumamosi ya kwanza Mama Rayan alikuja na mtandio wake, Rayan ameshika bakora. Siku hiyo hakuna aliyeimba, hata kwenye lami. Audace alitembea mwisho kabisa. Tulishuka njia ya vumbi, tukasimama mbali tulikozoea. Kiboko jike alikuwa majini, masikio tu juu. Ubavuni pake kikatokea kichwa kingine.

"Angalia," Mama Rayan akasema. "Mutoto wake amekua."

Kisha akakaa chini kwenye vumbi, akalia kwa mara ya kwanza, ameziba mdomo kwa mtandio asiwashtue viboko. Rayan akachuchumaa karibu yake, akamshika bega. Sisi tukamwacha alie.