Sakafu ya Mawe ya Mtoni

Katika rasimu ya kitabu cha historia ya Bonde la Jatgol, kile kinachoandaliwa na baraza na ambacho watoto wa darasa la nne watakisoma mwakani, kuna sentensi isemayo kwamba Mashine Kuu iliangamia "kwa bahati njema, baada ya sakafu iliyojengwa vibaya kuporomoka." Aliyeijenga sakafu hiyo ni marehemu mume wangu, Tak Dalseok, na bahati haikuhusika kabisa. Wala si kweli, kama wanavyosema wanawake kwenye hamamu, kwamba aliijenga ili alishwe unga na mashine. Majira yale nyumbani kwetu tulichemsha magome ya msonobari kama kila mtu. Nimefundisha katika shule ya bonde hili miaka thelathini na mmoja, na wengi wa wanaosema hayo niliwafundisha mimi kusoma. Basi wasome.

Dalseok alizaliwa kizazi cha tatu baada ya kutua kwa meli iliyotuleta kutoka angani. Baba yake alikuwa fundi wa sakafu za moto, zile zinazopashwa na moshi wa jiko unaopita chini yake, na kwa kuwa mtoto alikuwa mwembamba kama fito, alianza kazi kwa kutambaa ndani ya mifereji ya moshi chini ya nyumba za watu kukwangua masizi. Alijifunza nyumba kuanzia chini. Tulipooana alinijengea chumba kimoja, akawasha jiko nje ukutani, kisha akaniambia nilaze shavu sakafuni.

"Sikiliza," akasema.

"Nisikilize nini?"

"Moto unatembea. Sasa umefika chini ya kabati. Sasa umegeuka."

Nilisikia. Nilikuwa msichana niliyesoma, niliyedhani naolewa na fundi wa udongo na mawe, na pale sakafuni nikasikia moto ukitembea chini ya shavu langu kama mtu anayejua njia. Tangu siku hiyo sikuwahi kumwona mume wangu kuwa mtu wa kawaida, ingawa yeye alijiona hivyo mpaka anakufa. Aliweza kusimama barabarani, akatazama moshi wa nyumba ya mtu asiyemjua, akasema jiwe la tatu limepinda. Wakifukua, limepinda.

Majira yetu ya baridi ni miezi kumi na minne. Mtu asiye na sakafu nzuri hafiki mwisho wake. Ndiyo maana upande wa jiko, mahali moto unapoingilia, hukaa mkubwa wa nyumba. Kwetu alikaa mama mkwe wangu, na mahali pake palikuwa pamebadilika rangi, kahawia kama ukoko wa wali. Hakuna aliyefundishwa jambo hili kwa maneno. Mgeni mzee akiingia, wote husogea, basi.

Mashine zilishuka kutoka angani wakati wa kiangazi. Tuliziita mikebe, maana mtu lazima acheke kitu fulani. Lakini hakuna aliyecheka mbele ya Mashine Kuu. Ilikuwa na kimo cha watu watatu na uzito wa ng'ombe wanane, haikuwa na uso, na ilipopita mtu alihisi mngurumo wake kwenye meno kabla ya kuusikia masikioni. Ikigeuka, mashine mia nne bondeni kote ziligeuka pamoja, hata zile zilizokuwa ng'ambo ya mlima kwenye machimbo, ambako watu wetu walipelekwa kuchimba. Ilifikiri kwa niaba ya zote. Nilipoiona mara ya kwanza nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, na sioni aibu kusema hivyo. Ilikuwa kama kuona mlima ukiamua kutembea.

Wanaume na wanawake wa bonde walijaribu bunduki. Darajani walikufa watu arobaini na watatu asubuhi moja, miongoni mwao mdogo wa Mok Sangdu, fundi wa pili kwa sifa baada ya mume wangu. Risasi zilidunda. Baada ya hapo mashine zikaanza kusoma nyuso zetu. Mtu aliyeficha jambo, misuli ya usoni ilimsaliti kabla hajafungua mdomo, na jioni hakurudi nyumbani. Tukajifunza kutoambiana kitu.

Mwezi wa tano wa baridi ya pili, mashine zikaanza kuganda viungo. Moja iligandia kisimani, mbili njiani. Asubuhi moja tatu zikaja mlangoni petu. Zilikuwa zimejifunza lugha yetu kutoka kwenye matangazo ya zamani ya serikali ya bonde, kwa hiyo kila mtu kwao alikuwa mheshimiwa mkazi, hata mtoto wa kunyonya, hata mtu zinayemburuta.

"Mheshimiwa mkazi Tak Dalseok," moja ikasema, "utajenga sakafu ya moto katika ukumbi wa shule."

Nilimwangalia mume wangu nikitarajia akatae, na nikiogopa akatae. Yeye akauliza, "Upande wa jiko atakaa nani?"

Ile mashine ikajibu. "Katika nyumba mia mbili na kumi tulizokagua, upande wa jiko hukaa mkubwa. Atakaa Mkubwa wetu."

Dalseok akainamisha macho, akatazama sakafu yetu. "Basi nitajenga," akasema.

Zilipoondoka nilimkabili. "Baba Hyosun, umesema nini wewe?"

"Nimesema nitajenga."

"Darajani bado kuna damu kwenye theluji. Watu watatutemea mate."

"Wateme. Wewe nifulie glavu zangu."

Hakusema zaidi, na mimi, kwa kuwa nilijua habari za nyuso, sikuuliza zaidi. Nilifua glavu nikiwa na hasira.

Walimtemea kweli. Nilipokwenda kusaga shayiri kidogo tuliyobaki nayo, Bibi Ok, jirani yetu mwenye ulimi, aliniambia mbele ya foleni nzima, "Mama Hyosun, leo mzee kaamkia wapi? Kwenda kuikanda mikebe migongo?" Wakacheka. Nikasaga shayiri yangu nikarudi nyumbani bila kujibu. Mke wa Tak Dalseok hagombani kinuni.

Siku ya tatu nilimpelekea chakula ukumbini. Alikuwa amevunja barafu ya mto na kuopoa mawe bapa, meusi, yenye kung'aa kwa maji. Aliyapanga upande wa jiko, pale pale. Hata mimi mwalimu nilijua hilo. Jiwe la mtoni limekunywa maji mpaka moyoni, na likipata moto mkali hupasuka kama bomu. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Dalseok mwenyewe aliwahi kupigwa kofi na baba yake kwa jiwe moja tu la namna hiyo, na kila aliposimulia kisa hicho alishika shavu.

Mashine mbili zilikuwa zimesimama mlangoni. Na nje, kati ya watu walioamriwa kuleta kuni, alikuwepo Mok Sangdu.

Akachungulia ndani. Akaangua kicheko. "Jamani njooni mwone! Tak ndugu yangu, hayo mawe umeyaokota mtoni au umeyaota ndotoni? Mikebe imekuchanganya akili? Hata mbwa wangu angechagua jiwe zuri kuliko hilo!"

Watu wakacheka, kwa uchungu wa mwezi mzima. Dalseok hakuinua kichwa. Alishika jiwe kwa mikono miwili na sikio lake likawa jekundu. Nami nikaona mashine moja ikimgeukia Sangdu.

"Mheshimiwa mkazi Mok Sangdu. Umesema mawe hayafai. Eleza."

Sitaisahau pumzi hiyo moja. Sangdu alimtazama mume wangu. Dalseok naye, kwa mara ya kwanza, akamtazama. Mimi nilikuwa nimesimama kati yao nikishikilia bakuli la supu, na nilijua kwamba ni kusudi, wakati ule ule alipojua Sangdu, kwa sababu fundi bora wa bonde hasahau mawe. Hasahau. Nikainamia bakuli ili mashine zisinione uso.

Sangdu alikuwa bado ana dharau usoni, ile ya kweli aliyokuja nayo, na aliishikilia hapo hapo, hakuiachia hata ukucha.

"Hayafai kwa sababu ni mabaya kutazama," akasema. "Fundi mwenye haya hutumia mawe ya mlimani, rangi moja. Huyu kapanga meusi na ya kijivu kama viraka vya suruali. Mimi Mkubwa wangu nisingemkalisha juu ya kitu kibaya hivyo. Lakini ninyi mna macho gani ya kujua uzuri?"

"Rangi haihusiki na joto," ikasema mashine.

"Ndiyo hivyo. Hamjui uzuri." Akatema mate kuelekea miguu ya mume wangu, akarudi kubeba kuni.

Kwa maneno hayo ya mwisho aliambiwa ana utovu wa heshima, na kesho yake akapelekwa machimboni. Alifia huko siku ya sita, mwamba ulipomwangukia. Kitabu chenu cha historia kinamtaja mara moja, kama fundi aliyemwonea wivu mwenzake. Nalo hilo mlifute.

Jioni ile Dalseok hakula. "Leo baba angenipiga mashavu yote mawili," akasema. Aliogopa mashine kama mtu yeyote, lakini kazi mbovu ilimuuma kuliko woga. Mikono yake haikuwahi kujenga kitu kibaya, na sasa ilibidi ijenge vibaya kwa ustadi: mifereji inyonye moto vizuri, udongo juu uwe laini kama karatasi ya mafuta, kila kipimo cha mashine kikubali, na ubovu wote uwe mahali pamoja. Naamini ile ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizofanya.

Sakafu mpya hukaushwa kwa moto mdogo siku kumi na tano kabla ya mtu kukaa. Mashine hazikulijua hilo. Tangu zije hapakujengwa nyumba mpya hata moja, hivyo hazikuwahi kuona. Udongo ulipopigwa laini, asubuhi ya baridi iliyopasua miti, zikamuuliza, "Iko tayari?"

"Iko tayari," Dalseok akasema. Uso wake haukucheza. Ilikuwa tayari kweli kwa kazi aliyoijengea.

Tulikuwa uani wanawake thelathini hivi, tumeamriwa kubeba kuni. Mashine Kuu ilipita katikati yetu na meno yakatutetemeka. Iliingia ukumbini, ikaenda taratibu hadi upande wa jiko, ikaketi mahali pa mkubwa kama bibi yeyote wa bonde hili. Mume wangu alichuchumaa nje kwenye mdomo wa jiko. Alisukuma ndani magogo ya msonobari yenye utomvu, yale tusiyoyatumia kamwe kuwashia sakafu kwa ukali wake. Akawasha.

Moto ukaanza kutembea. Nilikuwa mbali, lakini naapa niliusikia kwa nyayo. Kisha sauti kama maharage yakirukaruka kikaangoni. Mashine Kuu ikaanza kuinuka. Halafu mawe yote yakapasuka kwa pamoja. Ukuta wa ukumbi ulivimba, mvuke mweupe ukatoka kila dirisha, na uzito wa ng'ombe wanane ukashuka kwenye mfereji uliojaa moto.

Kukawa kimya.

Sijui namna ya kuwaambia kimya hicho. Tulikuwa tumeishi na ule mngurumo kwenye meno kwa majira mawili ya baridi, na sasa haukuwepo. Mashine mia nne zilisimama zilipokuwa. Moja kando ya kisima ilikuwa imeinua mguu, na mguu ukabaki juu. Theluji ilianza kuanguka, nyepesi, nasi tukaona jambo ambalo hatukuwahi kuliona: theluji ikitua juu ya mabega yao na kubaki. Siku zote iliyeyuka. Sasa zilipoa kama mawe mengine ya dunia, na weupe ukapanda polepole kichwani mwao. Hakuna aliyelia wala kushangilia. Tulisimama midomo wazi kama watu walioingia hekaluni.

Bibi Ok ndiye aliyekwenda mbele, akaigonga ile ya kisimani kwa upawa wake. "Mheshimiwa mkazi," akaiambia, "hujambo?"

Hapo tukacheka, tukacheka mpaka tukaketi kwenye theluji.

Dalseok alitokea nyuma ya ukumbi, mweusi kwa masizi, mikono imeungua hadi viwikoni. Mtu mmoja akapaza sauti, "Heri ufundi mbovu wa Tak!" Watu wakashangilia. Naye akacheka nao, akainama kidogo kama anayepokea shukrani. Ndipo lilipozaliwa neno hilo mnaloliandika leo.

Kwa nini hakulisahihisha? Nilimuuliza. "Wa kusifiwa ni Sangdu, na hayupo," akanijibu. "Na mimi kazi mbovu siwezi kuitangaza." Aliishi miaka minne zaidi. Hakuna aliyemwita tena kujenga sakafu, ila kuzibua mabomba ya moshi. Alikwenda, akazibua, akashukuru.

Kwa hiyo sentensi isomeke hivi: Sakafu ilijengwa na Tak Dalseok, fundi aliyejua alichofanya, na ikalindwa na Mok Sangdu, fundi aliyejua alichokiona. Sitaki neno shujaa, wala sanamu.

Bwana Seol, katibu wa baraza, ameniuliza mara tatu jambo jingine. Amesikia kwamba sakafu ilipofunguka, Mashine Kuu ilimwona mume wangu kupitia mdomo wa jiko, na ikamwambia neno kabla ya kuzimika. Ni kweli ilimwambia. Dalseok aliniambia neno hilo mara moja, nikimfunga bandeji, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kuongeza kuni mpaka jiko likapoa.

Sitalisema. Si kwa baraza, si kwa kitabu, si kwa mtu yeyote. Asiniulize tena.