Hadi Mbotela, kwa Msusi Mwenye Kipara

Niliondoka mtaa wa Fedha Jumamosi asubuhi kwa sababu shangazi yangu, Tata Njoki, alikuwa amegoma. Dawa yake ya saratani ilikuwa imeacha kufanya kazi, daktari akataka kumbadilishia, naye akatangaza kwamba hatakuwa panya wa majaribio wa mtu. Familia ikanituma mimi, eti kwa kuwa kazi yangu maabarani ni kuchunguza protini.

Kwenye Jogoo Road, nyuma ya bodaboda, nilifanya mazoezi ya hotuba. Ndani ya seli mna vijibomba vinavyojengwa na kubomolewa kila mara. Seli haigawanyiki bila vijibomba hivyo. Vimeundwa kwa protini iitwayo tubulini, na dawa ya Tata huvigandisha. Lakini tubulini ina aina kadhaa. Aina ikibadilika, kijibomba huweza kuwa chembamba au kinene, kitulivu au kisumbufu, na dawa isikishike vizuri. Mwenye boda aliniuliza kama nilikuwa nikiongea na yeye.

Mtaani Mbotela nilimkuta Tata salunini, kilemba kichwani, akimsuka mteja. Dawa ilikuwa imemmalizia nywele zote.

"Msusi na kipara, si ni aibu?" akasema. "Wamekutuma, eh?"

Nikamwaga hotuba yote. Akapiga miayo bila hata kuziba mdomo, kisha akachovya ncha za rasta za mteja, zile nywele za plastiki, kwenye maji moto zisifumuke. Hapo ndipo nilipopata akili.

"Tata, ungekuwa umesukia uzi, maji moto yangeshika?"

"Uzi? Wapi! Hiyo inafumuka tu. Uzi unafunga fundo."

"Basi huenda saratani yako imeacha rasta ikahamia uzi. Maji hayana makosa. Daktari anataka kujaribu fundo."

Mikono yake ikasimama. "Na fundo ikikataa?"

Nilitaka kudanganya. Nampenda sana huyu mama, na niliogopa. "Sijui, Tata."

Mikono ikarudi kwenye kichwa cha mteja. "Hiyo ndiyo kitu ya kwanza nimeelewa leo. Jumatatu unanipeleka. Na usinisomee njiani."

Nilirudi Fedha nikiwa nimejifunza kwamba kumbe hakuwa akiuliza sayansi. Alitaka mtu wa kuogopa naye.

Jumatatu hospitalini, kabla daktari hajaketi, Tata alivua kilemba, akakiweka mezani na kumwuliza, "Hii yako ya leo ni maji moto ama ni fundo?"

Daktari alinigeukia. Mimi nikatazama dari.